David Johnson Ajifunza Kupiga Foto

Watoto, katika nyumba nyingi kuna foto ya zamani, ukutani au ndani ya sanduku: babu amevaa koti, bibi ameketi kitini, mikono juu ya magoti. Foto hizo hazina rangi nyekundu wala kijani. Zina weusi na weupe, na kati yake kijivu cha namna nyingi. Siku hizi watu hupiga foto kwa simu, hata mtoto wa miaka mitano aweza. Lakini foto za zamani zilidai ufundi mkubwa, na walikuwako vijana walioingia chuo kwa ajili ya kazi hiyo tu, wakajifunza mwaka baada ya mwaka. Hizi ni habari za mmoja wao. Jina lake David Johnson.

Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtu mweusi. Watu weusi wa huko ni uzao wa Waafrika waliopelekwa utumwani zamani. Siku zile sheria za Florida ziliwatenga na wazungu: shule yao mbali, hospitali yao mbali, na hata katika gari la moshi walikuwa na behewa lao peke yao.

Vita kuu ya pili ilipokuja, Johnson akaingia katika jeshi la baharini. Safari za jeshi zikampitisha San Francisco, mji wa magharibi wenye vilima vingi, ulio kando ya bahari kuu ya Pasifiki. Akaupenda. Vita ikaisha mwaka 1945, naye akarudi kwao. Serikali ya Marekani ilikuwa imeweka sheria, mwaka 1944, kwamba askari aliyerudi vitani atalipiwa masomo. Basi, Johnson afanye masomo gani?

Akasoma habari za darasa jipya. Huko San Francisco kulikuwa na chuo kiitwacho California School of Fine Arts. Watu walijifunza humo kuchora na kuchonga. Sasa Ansel Adams, mpiga foto aliyejulikana sana kwa foto zake za milima ya California, alikuwa anaanzisha humo masomo ya foto. Vyuo vilivyoihesabu foto kuwa sanaa kama uchoraji vilikuwa vichache sana wakati ule.

Johnson akamwandikia Adams kuomba nafasi. Akamwambia pia, bila kuficha, kwamba yeye ni mtu mweusi. Fahamuni uzito wa neno hilo. Kule kwao neno hilo peke yake lilitosha kufunga mlango wa shule, wa hoteli na wa ofisi. Aliyelificha angesafiri siku nyingi na kurudishwa mlangoni. Heri kujua mapema.

Jibu likaja. Adams alimwambia kwamba rangi ya ngozi yake haina neno hata kidogo, lakini darasa limejaa. Mtu angeweza kudhani kwamba hiyo ni adabu tu ya kumkatalia. Kumbe, haikuwa hivyo. Mwanafunzi mmoja akaacha nafasi yake, na Johnson akaitwa. Ilikuwa mwaka 1946. Akapanda gari la moshi, akaivuka Marekani yote kutoka mashariki hata magharibi. Alipofika hakuwa na pa kulala, na mara ya kwanza akakaa katika nyumba ya Adams mwenyewe. Alikaa humo pia Minor White, mwalimu aliyekuja mwaka ule ule, ambaye baadaye ndiye aliyeliongoza darasa, maana Adams mara nyingi alikuwa safarini na mashine yake milimani. Johnson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufundishwa na Adams katika darasa lile.

Hakuwa fundi. Alikuwa na hamu tu, na hamu ni kitu, lakini haiwezi kukuonyesha ni wapi uweke mashine.

Mashine waliyojifunzia wanafunzi wa namna hiyo haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku kubwa juu ya miguu mitatu. Mbele kuna kioo cha kuingiza nuru, nyuma kuna kioo cha ukungu. Mpiga foto hujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akatazama kile kioo cha nyuma, na ndani yake huona dunia imepinduka: watu wanatembea kichwa chini, miti inaota kutoka juu. Wa kwanza kuona hivyo hucheka. Baada ya mwezi mmoja hacheki tena, anatazama. Na kwa kuwa filimu moja ni foto moja, nayo ina bei yake, hakuna aliyebonyeza ovyo.

Kazi iliyowasumbua zaidi ilikuwa kupima nuru. Kuna chombo kidogo cha kazi hiyo, kinachoenea kiganjani; tukiite kipima nuru. Unakielekeza kwenye kitu, na mshale wake unakuonyesha nuru kiasi gani inatoka hapo. Kwa hesabu hiyo unajua tundu la mashine lifunguliwe kiasi gani, na kwa muda gani. Ni chombo chema, lakini kina ujinga wake. Hakijui kinatazama nini. Kinadhani kila kitu duniani kina rangi ya majivu. Ukikielekeza kwenye shati jeupe la sikukuu, kinasema: hiki ni kijivu, nuru imezidi, punguza. Ukikitii, shati linatoka kama lililofuliwa kwa maji machafu. Ukikielekeza kwenye koti jeusi, kinasema: hiki nacho ni kijivu, nuru haitoshi, ongeza. Ukikitii, koti linatoka limepauka, kama la mtu aliyelala vumbini.

Adams alikuwa ameiona shida hiyo. Karibu na mwaka 1940, alipokuwa akifundisha katika mji wa Los Angeles, yeye na mwalimu mwenzake Fred Archer walitengeneza mpango wa ngazi 11, kuanzia 0 hata 10. Ngazi ya 0 ni weusi mtupu, usioonyesha kitu. Ngazi ya 10 ni weupe wa karatasi yenyewe. Ngazi ya 5 ni kile kijivu cha katikati ambacho kipima nuru hukidai siku zote. Kila ukipanda ngazi moja, nuru inakuwa mara mbili. Ngazi ya 3 ni weusi, lakini bado unaona nyuzi za kitambaa ndani yake. Ngazi ya 7 ni weupe, lakini bado unaona mikunjo ya shati.

Basi mwanafunzi alijifunza hivi. Anatazama koti jeusi, anajisemea: hili ni la ngazi ya 3. Kipima nuru kinaliita ngazi ya 5. Basi atashuka ngazi mbili, yaani atatumia robo tu ya nuru kilichoagiza chombo. Chombo kinatoa hesabu, na mtu anatoa hukumu. Ndipo ulipo ugumu wa kazi nzima, na ndipo ulipo uzuri wake.

Na uso wa mtu je? Uso wa mzungu juani, kwa desturi ya mpango ule, huwekwa ngazi ya 6. Uso mweusi hukaa chini yake, ngazi ya 5 au ya 4, na hizo nyuso nyeusi zenyewe hazifanani: yuko mwenye weusi wa mkaa, yuko mwenye rangi ya udongo wa mfinyanzi. Mpiga foto mvivu hapimi uso. Hupima ukuta au shati, kisha hubonyeza. Foto ikitoka, shati ni zuri, na uso umekuwa doa lenye macho mawili. Watu weusi wengi walipigwa foto namna hiyo, nao wakadhani kwamba ngozi yao ndiyo isiyokubali foto. Ngozi haikuwa na kosa lo lote. Aliyekosa ni yule aliyeshika mashine na asiyewatazama.

Baada ya kupiga, kazi ilihamia katika chumba cha giza. Na giza hilo ni giza kweli, si la jioni. Filimu za namna ile huona kila rangi ya nuru; hata mwali mdogo unaopenya chini ya mlango huziharibu. Kwa hiyo wanafunzi waliziba nyufa zote, wakafanya kazi kwa kupapasa.

Filimu ni ganda jembamba lililopakwa gelatini, utomvu unaotoka katika mifupa na ngozi za ng'ombe. Ndani ya gelatini kuna chumvi ya fedha. Si fedha za kununulia mihogo sokoni. Ni yale madini meupe yanayong'aa, ya kufulia pete. Chumvi hiyo ina tabia moja ya ajabu: nuru ikiigusa, hata kwa nukta ya sekunde, inabadilika, ingawa jicho halioni badiliko lo lote. Filimu ikitiwa katika dawa ya kufunua, chumvi iliyoguswa na nuru inakuwa fedha tupu, nayo fedha hiyo, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno, huonekana nyeusi. Kisha filimu inatiwa katika maji yenye ukali wa siki ili dawa ya kwanza iache kazi. Kisha inatiwa katika dawa ya tatu, inayoyeyusha na kuondoa chumvi isiyoguswa. Ukiisahau dawa hii ya tatu, au ukiiharakisha, foto yako itaharibika siku moja mikononi mwako. Mwisho ni kuosha kwa maji, na kuosha tena.

Kinachotoka si foto bado, ni negativi: mambo yote ni kinyume. Mbingu nyeupe imekuwa nyeusi, na kivuli kimekuwa wazi kama kioo. Hapo mwanafunzi aliona ukweli wa kazi yake. Mahali pa kivuli pakiwa wazi kabisa, bila alama, hakuna dawa itakayopaponya. Nuru haikufika pale, na kisichofika hakiwezi kufunuliwa. Lakini mahali pa nuru nyingi pana nafasi ya kurekebishwa: ukiiacha filimu muda mrefu katika dawa, panazidi kuwa peusi, ukiitoa mapema, panapungua. Ndiyo sababu walimu walisema upige kwa kuvihesabu vivuli, kisha ufunue kwa kuihesabu mianga. Dawa ikiwa ya moto kupita kiasi, hesabu yote inavurugika. Kwa hiyo kipimo cha joto hakikuondoka kando ya beseni, na desturi ilikuwa nyuzi 20.

Karatasi ya foto ina upole kidogo, haioni nuru nyekundu. Kwa hiyo wakati wa kuchapa, taa ndogo nyekundu iliwashwa. Nuru ilipitishwa katika negativi, ikaanguka juu ya karatasi sekunde chache, kisha karatasi ikatumbukizwa katika dawa. Kwanza hakuna kitu. Unatikisa beseni polepole. Kisha, kama baada ya sekunde 15 au 20, jicho linatokea, au ukingo wa kofia, kisha mdomo, kisha mtu mzima anakutazama kutoka chini ya maji. Wazee waliofanya kazi hiyo miaka 40 wanasema hawakuizoea kamwe.

Lakini foto ya kwanza haikuwa foto nzuri. Mwanafunzi alikata kipande cha karatasi, akakifunika kwa ubao na kuusogeza kila sekunde 5, apate mistari myeusi na myeupe ya kumwonyesha muda wa kufaa. Kisha alichapa tena. Mahali pengine alipakinga nuru kwa kiganja ili pasiwe peusi mno. Mahali pengine alipaongezea. Kikapu cha takataka kilijaa karatasi. Foto moja iliweza kumaliza jioni nzima, na asubuhi mwalimu akaitazama na kuuliza kwa nini kona ya chini haina uhai.

Hawakuketi chumbani siku zote. Walitembelea Point Lobos, mahali penye miamba na miti iliyopindwa na upepo wa bahari, ambapo mpiga foto mzee Edward Weston alikaa karibu. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umeanza kumshika, na mwaka 1948 ndio mwaka wa foto zake za mwisho. Dorothea Lange naye alifundisha chuoni, yule aliyepiga foto za wakulima maskini wakati wa njaa na upepo wa vumbi katika miaka ya 1930.

Sasa Johnson apige foto gani? Adams alipiga milima na mwezi. Wenzake walipenda miamba. Minor White akamshauri apige kile anachokijua, watu wake. Shauri hilo lilimfaa kuliko masomo mengine yote.

Katika San Francisco kuna mtaa uitwao Fillmore. Wakati wa vita, mwaka 1942, serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wa asili ya Japani waliokaa huko, ikawafunga kambini, na nyumba zao zikabaki wazi. Wakati ule ule watu weusi wengi walikuja kutoka kusini kutafuta kazi katika viwanda vya kutengeneza meli. Wakapanga Fillmore, maana mitaa mingine mingi haikuwapokea. Baada ya miaka michache mtaa ukawa na makanisa yao, maduka yao, vinyozi, na nyumba za muziki ambamo tarumbeta hazikulala.

Johnson aliingia humo na mashine yake. Mwaka 1946 alipanda juu ya kiunzi cha wajenzi, na sanduku lake zito, katika pembe ya njia za Fillmore na Post, akapiga foto ya barabara ikielekea kusini. Alipiga wanamuziki usiku, watu wa kanisani, watoto wa barabarani. Kuna foto ya mwaka 1947 iitwayo Clarence, ya mtoto mmoja mdogo wa mtaa ule. Ni kati ya foto zake zinazopendwa zaidi. Katika kazi hiyo somo la ngazi 11 halikuwa tena hesabu ya darasani. Mbele yake walisimama watu wa weusi wa kila namna, wamevaa kofia nyeupe na makoti meusi, mchana juani na usiku chini ya taa. Kila uso ulidai ngazi yake. Naye hakuwa mpita njia. Aliwaamkia, wakamwitikia, wakakaa mbele ya mashine bila woga.

Mwenye kupata shahada hapati chakula papo hapo. Johnson alifungua nyumba ya foto Fillmore, akapiga pia foto kwa ajili ya Sun-Reporter, gazeti la watu weusi wa mji ule. Hata hivyo alilazimika kufanya kazi ya posta ili aishi. Waliomlipa walitaka foto za arusi na za watoto. Foto za barabara alizipiga kwa mali yake mwenyewe. Mwaka 1963, watu weusi wa Marekani walipoandamana kudai haki zao, alikwenda na mashine. Siku moja mwaka ule, mbele ya nyumba ya serikali ya mji wa San Francisco, alimwona mtoto mweusi amepanda akakaa mikononi mwa sanamu ya Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863. Akapiga. Kama angechelewa kupima nuru, mtoto angekwisha kushuka.

Baadaye balaa ikaupata mtaa. Kuanzia miaka ya 1950 wakubwa wa mji waliona kwamba Fillmore ni makazi mabovu, yafaa kubomolewa na kujengwa upya. Mashine zikaja. Nyumba zikaanguka, barabara ikapanuliwa, na maelfu ya watu wakatawanyika. Waliahidiwa kurudi, wengi hawakurudi. Viwanja vingine vilikaa na majani miaka mingi. Maduka yale, vinyozi, nyumba za muziki, vyote vikaondoka pamoja na majina yao.

Negativi za Johnson zilikuwa bado katika masanduku. Kwa muda mrefu watu wachache tu walizijali. Alipokuwa mzee ndipo walipoanza kumtafuta, wakazitundika foto zake katika nyumba za sanaa, na watoto wa wale waliohamishwa wakaja kuzitazama. Maelfu ya negativi zake yamewekwa katika Bancroft Library, maktaba ya chuo kikuu huko Berkeley, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Chuo alichojifunzia kilibadili jina mwaka 1961, kikaitwa San Francisco Art Institute, na masomo yake yalikoma mwaka 2022. David Johnson alikufa mwaka 2024, akiwa na miaka 97.

Ile foto aliyoipiga juu ya kiunzi ipo. Magari ya zamani yameegeshwa kando ya njia, watu wanatembea, barabara inakwenda mbali. Nyumba nyingi zinazoonekana humo hazipo tena, na vivuli vya milango yake bado vina alama ndani.